Kutoka Kuchuja hadi Kuandaa: Historia ya Kumtegemeza Mgonjwa Anayesubiri Kiungo

Mgonjwa anayesubiri kupandikizwa figo, ini, moyo au pafu huishi katika hali ambayo tiba haikuijua kabla ya katikati ya karne ya 20. Kabla ya hapo, mtu ambaye figo zake zimekufa alikuwa amebakiza siku au wiki chache, na kazi ya daktari, ndugu na kiongozi wa dini ilikuwa kumsindikiza. Upandikizaji ulileta hali ya tatu kati ya kupona na kufa: kungoja, pengine kwa miaka, kiungo ambacho huenda kikapatikana au kisipatikane. Namna ya kumtegemeza mtu wa aina hii imekua pamoja na ufundi wenyewe wa upasuaji. Kila uvumbuzi uliorefusha maisha yake ulirefusha pia kungoja kwake, na kila kungoja kupya kulikuja na hofu zake. Wataalamu wa afya ya akili na maofisa ustawi wa jamii waliitwa kwanza ili wasaidie kuamua nani anafaa na nani hafai. Ilichukua miongo kadhaa kabla kazi yao haijawa kumwandaa mgonjwa, na hata kumsaidia asiyefaa leo ili afae kesho.

Mapacha wa Boston

Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa kwa muda mrefu ulifanyika tarehe 23 Desemba 1954 katika hospitali ya Peter Bent Brigham mjini Boston, Marekani. Joseph Murray, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1990, alimpandikiza Richard Herrick figo ya pacha wake wa kufanana, Ronald. Kungoja kwao kulikuwa kufupi, na kulijazwa na vipimo. Vipande vya ngozi vilihamishwa kutoka pacha mmoja kwenda kwa mwingine ili kuona kama mwili utavikataa, na alama zao za vidole zikalinganishwa ili kuthibitisha kwamba kweli walikuwa mapacha wa kufanana. Madaktari walitafuta pia ushauri wa viongozi wa dini na wanasheria, kwa sababu walikuwa wanakaribia kumpasua mtu mzima wa afya kwa upasuaji usiomnufaisha yeye mwenyewe.

Usiku wa kuamkia upasuaji, Richard alimtumia ndugu yake kijikaratasi akimtaka aondoke arudi nyumbani. Ronald alijibu kwamba yuko hapo na hapo ndipo atakapobaki. Majibizano hayo mafupi yalidokeza jambo ambalo watafiti wangekuja kulieleza kwa urefu baadaye: anayengoja kiungo kutoka kwa mtu aliye hai haogopi kwa ajili ya nafsi yake peke yake. Hubeba pia wasiwasi wa kumdhuru ampendaye, na mara nyingine hutamani kukataa kile anachokihitaji kuliko kitu chochote. Richard aliishi miaka minane baada ya upasuaji, akaoa mmoja wa wauguzi waliomhudumia.

Hisia ziliingia mahakamani mwaka 1957. Hospitali hiyohiyo ilikuwa na mapacha wengine waliohitaji matibabu kama hayo, lakini hawa walikuwa bado hawajafikia umri wa kutoa idhini kisheria. Mahakama ya juu ya Massachusetts iliombwa iamue kama mtoto anaweza kutolewa figo wakati yeye mwenyewe hapati faida yoyote ya kiafya. Madaktari wa magonjwa ya akili walitoa ushahidi kwamba pacha mzima angeumia sana rohoni endapo nduguye angekufa ilhali yeye angeweza kumwokoa. Mahakama iliikubali hoja hiyo. Kwa mara ya kwanza, utulivu wa moyo wa anayehusika na upandikizaji ulitambuliwa na sheria kuwa ni faida ya kweli, na mtaalamu wa afya ya akili akawa na nafasi katika shughuli hiyo. Nafasi yenyewe, hata hivyo, ilikuwa ya shahidi: kupima na kutoa hukumu.

Seattle na kamati ya raia saba

Mashine ya kusafisha damu ilikuwapo tangu 1943, pale Willem Kolff alipoitengeneza mjini Kampen, Uholanzi, wakati nchi hiyo ikiwa chini ya ukaliaji wa Wajerumani. Kasoro yake ilikuwa kwamba kila mara ilipotumika mshipa mpya ulipaswa kufunguliwa, kwa hiyo ilifaa tu kwa figo zilizozimia kwa muda. Mwaka 1960, Belding Scribner wa Seattle alibuni mrija wa Teflon uliobaki mkononi mwa mgonjwa na kuunganishwa na mashine kila ilipohitajika. Clyde Shields, mgonjwa wa kwanza kuwekewa mrija huo, aliishi hadi 1971. Mtu asiye na figo sasa aliweza kuishi kwa miaka, na kungoja kwa maana yake ya leo kukazaliwa.

Tatizo likawa uchache wa mashine. Kituo cha kusafisha damu kilichofunguliwa Seattle mwaka 1962 kilikuwa na vitanda vichache mno kulinganisha na waliohitaji. Madaktari waliwapunguza waombaji kwa vigezo vya tiba na umri, kisha majina yaliyobaki yakapelekwa kwa kamati ya watu saba: kiongozi wa kanisa, mwanasheria, mama wa nyumbani, mfanyakazi wa benki, ofisa wa serikali ya jimbo, kiongozi wa chama cha wafanyakazi na daktari mpasuaji. Walizingatia ndoa, idadi ya wanaomtegemea mgonjwa, kazi, kipato, elimu, na uthabiti wake kihisia. Mwandishi Shana Alexander alipoieleza kamati hiyo katika jarida la Life mnamo Novemba 1962, wasomaji wengi walishtuka kuona kwamba tabia na hadhi ya mtu ndizo zilizompa au kumnyima uhai.

Katika mfumo huo mgonjwa alikuwa na sababu nzito ya kuficha huzuni yake. Aliyelia mbele ya daktari wa akili, aliyekiri kwamba amechoka, au aliyeonyesha hasira, aliweza kuonekana dhaifu asiyestahili mashine. Hofu hiyo haikwisha mara moja hata baada ya kamati kutoweka. Kamati yenyewe ilipoteza kazi mwaka 1972, Bunge la Marekani lilipopitisha sheria iliyoifanya serikali kuu igharimie matibabu ya karibu kila raia ambaye figo zake zimeshindwa kabisa kufanya kazi.

Wagonjwa walipoongezeka, maumivu yao yalianza kuandikwa. Mwaka 1971 daktari wa akili Harry Abram na wenzake walichapisha utafiti uliotahadharisha kwamba kujiua kulikuwa kwingi mno miongoni mwa waliokuwa wakisafishwa damu, hasa pale walipohesabiwa pia walioacha tiba au masharti ya chakula kwa makusudi. Mwaka uliofuata, Franz Reichsman na Norman Levy wa Brooklyn walieleza vipindi vitatu ambavyo wagonjwa wengi waliopokelewa kwenye mashine walivipitia. Kwanza huja fungate, wiki au miezi ya furaha ya kuokoka kifo. Kisha huja kuvunjika moyo, mgonjwa anapotambua kwamba mashine haitamrudishia maisha yake ya zamani. Mwishoni huja kuzoea, ambako hakukamiliki na huambatana na kupanda na kushuka kwa muda mrefu. Levy aliendelea kuikuza taaluma iliyounganisha tiba ya figo na elimu ya akili, na kitabu alichokihariri mwaka 1974 kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuzungumzia kwa kina namna ya kuishi na mashine hiyo.

Cape Town na Stanford: kungoja moyo

Tarehe 3 Desemba 1967, katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, Christiaan Barnard alimpandikiza Louis Washkansky moyo wa msichana aliyegongwa na gari, Denise Darvall. Washkansky alikufa kwa nimonia baada ya siku 18. Mgonjwa wa pili, daktari wa meno mstaafu Philip Blaiberg, alikuwa tayari anasubiri zamu yake mwenzake alipofariki. Hakubadili nia. Alipandikizwa tarehe 2 Januari 1968 akaishi zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Moyo aliopewa ulitoka kwa Clive Haupt, kijana ambaye sheria za ubaguzi za Afrika Kusini zilimweka katika kundi la machotara, na magazeti ya dunia nzima yakajaa mjadala juu ya moyo wa chotara katika kifua cha mzungu.

Figo inaweza kutoka kwa ndugu aliye hai, moyo hauwezi. Anayeungoja anangoja mtu mwingine afe, na kwa kawaida kifo cha ghafla cha mtu mwenye afya. Wahudumu waligundua kwamba wagonjwa walipata aibu kila waliposikia habari za ajali barabarani na kujikuta wakitumaini. Ndiyo maana mazungumzo juu ya hatia hiyo yamekuwa sehemu ya kawaida ya maandalizi. Mgonjwa hueleweshwa kwamba kifo cha mtoaji hakisababishwi na mahitaji yake, kwamba timu inayomtibu mtu anayekufa haihusiani na ile ya upandikizaji, na kwamba kutamani kuishi si kumtakia mwingine mabaya.

Mwaka 1968 hospitali nyingi duniani ziliukimbilia upasuaji huo, na zaidi ya mioyo 100 ikapandikizwa. Wagonjwa wengi walikufa upesi, na vituo vingi vikaacha. Chuo Kikuu cha Stanford, California, chini ya Norman Shumway, kilikuwa miongoni mwa vichache vilivyoendelea. Huko daktari wa akili Donald Lunde na ofisa ustawi wa jamii Lois Christopherson walifuatilia wagonjwa na familia zao kabla na baada ya upasuaji, na mwaka 1971 wakachapisha maelezo ya namna wagonjwa walivyochaguliwa na walivyoishi baadaye. Familia zilizotoka mbali zililazimika kuhamia karibu na hospitali, kuacha kazi, kuwatoa watoto shuleni, na kuishi miongoni mwa wageni bila kujua kama simu itakuja kesho au haitakuja kabisa. Ilidhihirika kwamba anayengoja ni nyumba nzima. Ofisa ustawi wa jamii ndiye aliyeshughulika na kodi ya chumba, barua kwa mwajiri, na mke au mume aliyekuwa akikesha.

Katika miaka hiyohiyo, mwanasosholojia Renée Fox na mwanahistoria wa sayansi Judith Swazey walikuwa wakikaa wodini na kuandika waliyoyaona. Kitabu chao cha 1974 kilieleza kwamba kiungo ni zawadi isiyolipika, na kwamba deni lake huweza kumlemea anayepokea, anayetoa na familia zao. Maelezo hayo yalibadilisha kazi ya kumwandaa mgonjwa. Haikutosha tena kumwambia upasuaji utakuwaje. Ilibidi azungumze mapema na anayemtolea kiungo juu ya matarajio ya kila mmoja, kabla deni halijaanza kudaiwa.

Orodha na peja

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kukataliwa kwa kiungo na mwili ndiko kulikozuia upandikizaji usienee. Dawa ya saiklosporini, iliyogunduliwa Uswisi, kufanyiwa majaribio na Roy Calne huko Cambridge na kuidhinishwa Marekani mwaka 1983, ilibadilisha hali. Ini, moyo na mapafu vikaanza kupandikizwa kwa matokeo mazuri, vituo vikaongezeka, na waliokuwa wakifa kimyakimya nyumbani wakaanza kuandikishwa kungoja. Viungo havikuongezeka kwa kasi hiyo.

Kwanza, wenye sauti ndio waliotangulia. Oktoba 1982 baba mmoja wa Massachusetts alisimama mbele ya mkutano wa madaktari wa watoto kuomba ini kwa ajili ya binti yake ambaye hajatimiza mwaka, na vyombo vya habari vikaisambaza habari hiyo. Mtoto alipata ini mwezi uliofuata huko Minnesota. Familia nyingine zilijifunza kutoka kwake, na kwa muda kungoja kukawa kampeni: mzazi aliyeweza kusimama mbele ya kamera alikuwa na tumaini kuliko asiyeweza. Mwaka 1984 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoanzisha mtandao mmoja wa kitaifa wa kugawa viungo na kupiga marufuku kuviuza. Ulaya ilikuwa na mfano wa mapema zaidi: shirika la Eurotransplant lilianzishwa mwaka 1967 mjini Leiden, Uholanzi, kwa juhudi za Jon van Rood, ili figo ya nchi moja iweze kumfikia mgonjwa anayeoana nayo katika nchi nyingine.

Orodha ilileta haki zaidi, lakini ilileta pia mateso mapya. Mgonjwa hakuwa tena na la kufanya ila kungoja mpangilio asioweza kuusukuma. Alipewa peja, kifaa kidogo cha kuitia watu, akatakiwa asiende mbali na hospitali kuliko saa kadhaa za safari. Wengi hawakusafiri tena, hawakwenda harusini wala mazikoni mbali, na waliruka kila kifaa kilipolia. Mara nyingine mwito ulikuja, mgonjwa akaoga, akaaga watoto, akafika hospitalini na kuambiwa kwamba kiungo kimeonekana kina kasoro. Wahudumu walijifunza kumtayarisha kwa safari hizo za bure tangu siku ya kwanza, ili asidhani kwamba ameonewa au amerukwa katika zamu yake.

Namna ya kupanga orodha nayo iligusa hisia. Kwa ini, Marekani ilianza kutumia mwaka 2002 alama zinazokokotolewa kutokana na vipimo vya damu, na mwaka 2005 mfumo wa alama ukaanza kutumika kwa mapafu pia. Tangu hapo aliye mahututi hutangulia kuliko aliyengoja muda mrefu. Jambo hilo liliokoa maisha, lakini lilimfanya mgonjwa wa ini aogope nafuu yake mwenyewe, kwa kuwa akipata unafuu alama hushuka. Kwa figo, hesabu iliyotumiwa kwa miaka mingi kupima kazi ya figo iliwaongezea Wamarekani weusi kiwango kwa sababu ya rangi yao, figo zao zikaonekana nzima kuliko zilivyokuwa, na hivyo wengi waliingia orodhani wakiwa wamechelewa. Matumizi hayo yalikatazwa mwaka 2022, na tangu Januari 2023 hospitali zilitakiwa kuwarekebishia muda wa kungoja wale waliopunjwa. Wahamiaji kutoka Afrika Mashariki wanaotibiwa figo huko nao wanaguswa na badiliko hilo. Leo zaidi ya watu 100,000 wamo katika orodha ya Marekani, wengi wao wakingoja figo.

Wanaongoja moyo, kwa upande wao, walipata chombo cha kuwavusha. Mwaka 1994 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha pampu inayousaidia moyo kusukuma damu hadi moyo mwingine upatikane. Hapo awali wengi walilazwa kwa miezi. Pampu zilizofuata, ndogo na zenye betri za kubebwa, ziliwaruhusu kurudi nyumbani. Hospitali sasa ilipaswa kumfundisha mgonjwa na mwenziwe kubadilisha betri, kusafisha jeraha ambamo waya hutokea, na kutulia kengele ya hitilafu inapolia usiku wa manane.

Kutoka mizani hadi mafunzo

Tathmini ya kisaikolojia ilibaki kuwa mlango wa kuingilia orodhani, lakini mlango wenyewe ulibadilika. Mwaka 1989 Mary Ellen Olbrisch na James Levenson wa Virginia walitoa kipimo cha kupanga kwa utaratibu mambo kama msaada wa familia, historia ya maradhi ya akili, matumizi ya pombe na uelewa wa mgonjwa. Vipimo vingine vikafuata, kikiwemo kimoja cha Stanford cha mwaka 2012. Vilipunguza upendeleo wa mtathmini mmoja, na vilifanya udhaifu uonekane mapema ili urekebishwe. Aliyeonekana ana huzuni kubwa angeweza kutibiwa na kupimwa upya, badala ya kuondolewa.

Mabishano makali zaidi yalihusu pombe. Hospitali nyingi ziliwataka wagonjwa wa ini lililoharibiwa na pombe wakae miezi sita bila kunywa kabla ya kuandikishwa, na wengi walikufa ndani ya miezi hiyo. Mwaka 2011 madaktari wa Ufaransa wakiongozwa na Philippe Mathurin walichapisha matokeo ya wagonjwa waliochaguliwa kwa uangalifu na kupandikizwa bila kungoja muda huo: waliishi kwa wingi zaidi kuliko wenzao waliotibiwa kwa dawa tu. Tangu hapo vituo kadhaa vimelegeza sharti hilo na kuweka mkazo kwenye ushauri nasaha unaoendelea kabla na baada ya upasuaji.

Sharti la kuwa na mtu wa kumhudumia mgonjwa nyumbani nalo limezua maswali. Lina msingi, kwa kuwa dawa za kuzuia mwili usikatae kiungo hunywewa kila siku bila kukosa, na mgonjwa aliyetoka kupasuliwa hawezi kuishi peke yake. Lakini huwaumiza maskini, wajane na wahamiaji. Maofisa ustawi wa jamii wamejaribu kulitatua kwa kugawa jukumu hilo kati ya majirani, waumini wenzake na marafiki, kila mmoja akiwa na siku yake.

Ushahidi wa faida za kumtegemeza mgonjwa uliendelea kukusanywa. Mwaka 2006 watafiti wa vyuo vikuu vya Duke na Washington mjini St. Louis walichapisha majaribio yaliyohusisha wagonjwa 328 waliongoja mapafu. Nusu yao walipigiwa simu kila wiki kwa wiki 12 na kufundishwa mbinu za kukabiliana na msongo. Wasiwasi na huzuni vilipungua na maisha yao ya kila siku yakawa bora, ingawa hawakuishi muda mrefu kuliko wengine. Mwaka 2015, Mary Amanda Dew na wenzake wa Pittsburgh waliunganisha tafiti nyingi na kuonyesha kwamba huzuni kubwa miongoni mwa waliopandikizwa huenda sambamba na vifo vingi zaidi. Kumtibu mtu akili yake kukaonekana kuwa sehemu ya kutunza kiungo. Kanuni za serikali ya Marekani za mwaka 2007 zilivitaka vituo viwe na huduma za ustawi wa jamii, na kila mtoaji aliye hai awe na mtetezi wake asiyemtumikia mgonjwa.

Wagonjwa wenyewe nao walichangia. Michezo ya kwanza ya watu waliopandikizwa viungo ilifanyika Portsmouth, Uingereza, mwaka 1978, kwa juhudi za mpasuaji Maurice Slapak. Kwa anayengoja, kumwona mtu mwenye figo ya mwingine akikimbia mita mia kulimpa hakikisho ambalo kijitabu cha hospitali hakingeweza. Vituo vingi sasa humkutanisha mgonjwa mpya na aliyetangulia, ambaye humweleza pia mambo magumu: kutetemeka kwa mikono kutokana na dawa, uso kuvimba, na woga wa kila kipimo cha damu.

Afrika Mashariki: kungoja ndani ya familia

Katika nchi za Afrika Mashariki historia hii ilifuata njia yake. Kwa miongo mingi serikali na familia zilipeleka wagonjwa nje, hasa India. Hakukuwa na orodha ya kitaifa ya kungoja viungo vya waliokufa, kwa hiyo figo ilipaswa kutoka kwa ndugu. Kungoja kulianzia katika kikao cha familia, na kuliendelea kwa kutafuta fedha. Nchini Kenya harambee zilifanywa kanisani, shuleni na kazini. Nchini Tanzania michango ilikusanywa kwa kadi na baadaye kwa simu na makundi ya WhatsApp. Michango hiyo ilikuwa msaada wa kihisia pia, kwa kuwa ilimwonyesha mgonjwa ni watu wangapi wako nyuma yake. Lakini iliufanya ugonjwa wake kuwa jambo la hadhara, na ilimwongezea mzigo wa kuwa mdeni wa kijiji kizima.

Sheria ya India ya mwaka 1994, iliyotungwa kukomesha biashara ya figo, ililifanya jambo kuwa refu zaidi. Mgonjwa kutoka nje alihitaji ubalozi wa nchi yake uthibitishe uhusiano wake na mtoaji, na kamati ya uidhinishaji iliwahoji wote wawili kabla ya kutoa kibali. Mgonjwa na ndugu yake wangeweza kukaa wiki kadhaa katika chumba cha kupanga Chennai au New Delhi, wakila chakula kigeni na kusubiri muhuri, huku waliobaki nyumbani wakihesabu salio la michango.

Katika Tanzania, kisha Rwanda na Uganda, safari hiyo ilianza kufupishwa kuanzia mwaka 2017. Hospitali ya Taifa Muhimbili ya Dar es Salaam ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, ikisaidiana na wataalamu kutoka India. Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza mwaka 2018 kwa ushirikiano na Wajapani. Hospitali ya King Faisal ya Kigali na Hospitali ya Mulago ya Kampala zilianza mwaka 2023. Mgonjwa sasa aliweza kungoja akiwa na watu wake, akizungumza lugha yake, na akitibiwa na wale watakaomfuatilia miaka yote baadaye.

Maandalizi yake hapa yana sura ya mahali. Anayesafishwa damu mara mbili au tatu kwa wiki, kila mara kwa saa nne hivi, hufundishwa kupima maji anayokunywa na kujihadhari na ndizi, machungwa na madafu, vyakula vyenye potasiamu nyingi ambayo figo zilizokufa haziwezi kuitoa. Mashine zimejikita zaidi mijini, na baadhi ya wagonjwa huhamia kwa jamaa ili wawe karibu nazo. Familia huuliza maswali kuhusu imani. Waislamu huweza kuelekezwa kwenye azimio la Chuo cha Fiqhi cha Kiislamu lililotolewa Jeddah mwaka 1988, lililoruhusu upandikizaji kwa masharti, likiwemo kwamba kiungo kisiuzwe. Wakatoliki huweza kurejea hotuba ya Papa Yohane Paulo wa Pili ya Agosti 2000, aliyoitoa mbele ya wataalamu wa upandikizaji na kuusifu utoaji wa kiungo kuwa tendo la upendo. Shehe au padri anayeyajua mambo haya ana nafasi pamoja na mshauri nasaha.

Suala zito zaidi ni shinikizo la kindugu. Kikao cha ukoo kikishaamua kwamba mdogo wa mgonjwa ndiye atatoa, ni vigumu kwa kijana huyo kukataa hadharani, na mgonjwa mwenyewe huenda asijue kama figo anayoingoja imetolewa kwa hiari. Kwa sababu hiyo mtoaji huhojiwa peke yake, hupewa nafasi ya kuuliza kuhusu uzazi, kazi nzito na maisha yake ya mbele, na huambiwa kwamba anaweza kujitoa hadi dakika ya mwisho. Akijitoa, vituo vingi hulinda siri yake kwa kuieleza familia tu kwamba mtu huyo hakufaa kutoa.

Sheria zinaendelea kutungwa. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 iliweka vifungu juu ya viungo na tishu za binadamu. Uganda ilipitisha mwaka 2023 sheria maalumu ya utoaji na upandikizaji wa viungo, ikaunda baraza la kuusimamia. Pale ambapo viungo vya waliokufa vitaanza kutumika kwa utaratibu, wagonjwa wa kanda hii wataongezewa kungoja kwa orodha na simu ya usiku, juu ya kungoja kwa familia wanakokujua tayari. Hadi hapo, maandalizi yao hutegemea zaidi kikao cha ukoo, michango na mahojiano ya faragha na mtoaji.